Uliza Fundi Maji: Tetemeko likipita kisimani

Toleo lililopita nilimjibu msomaji mmoja kwa mistari miwili tu, kwamba tetemeko la ardhi linaweza kubadilisha maji ya kisima hata kama nyumba haijapata ufa hata mmoja, basi meseji zilivyomiminika mpaka simu ikawa inapata moto. Kwa hiyo leo ukurasa mzima ni huo tu. Wa matanki yanayovuja na wa pampu za sola mtanisamehe, zamu yenu inakuja. Mimi nimezeeka kwenye mitambo ya kuchimba visima, sio profesa, lakini haya mambo nimeyafuatilia miaka mingi maana ndiyo yaliyokuwa yananiletea wateja wenye hasira.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Bukoba vijijini. Lile tetemeko la 2016 lilitukuta shambani kwenye migomba. Chemchemi yetu iko kwenye mteremko, juu kabisa ya ziwa, tunachota hapo toka enzi za babu. Jioni ileile maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, siku kama sita hivi yakasafika, ila yakawa mengi kuliko mwanzo mpaka karibu na Krismasi. Wazee wakasema ardhi imepasuka na maji ya ziwa yanaingia. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Nianze na la ziwa maana naona ndilo linalowanyima usingizi. Hapana. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya bahari na wewe mwenyewe unasema chemchemi iko juu kabisa ya ziwa, sasa maji yapande mlima yakufuate wewe? Maji ya chemchemi yenu yanatoka juu yenu, ni mvua iliyonyesha kilimani zamani, ardhi ikainywa, ikawa inashuka taratibu kwenye nyufa za mwamba mpaka ikapata pa kutokea, ndipo babu zenu wakapaona.

Tope ni rahisi kulielewa. Ndani ya hizo nyufa kuna udongo laini sana umekaa umegandia kwenye kuta zake na maji yanapita bila kuugusa, miaka na miaka. Sasa chukua tanki la zamani ambalo halijaoshwa halafu lipige teke, si unaona uchafu wote uliolala chini unaamka? Ndicho kilichotokea kwenu Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga teke tanki. Uchafu ukiisha kutoka maji yanasafika yenyewe, siku sita ni kawaida kabisa, kuna sehemu inachukua wiki kadhaa.

Kwenye wingi wa maji ndipo penye utamu, na hata wataalamu wamebishana hapo muda mrefu. Wapo wanaosema mwamba ni kama sponji, tetemeko linapohamisha ardhi kuna upande unabanwa na upande unaachiwa, ule uliobanwa unakamuliwa maji na chemchemi zake zinajaa, ule ulioachiwa unanyonya na chemchemi zake zinapungua. Hilo lipo na limepimwa. Lakini kuna jingine ambalo mimi naona ndilo linaeleza kesi nyingi zaidi za milimani, nalo ni kwamba mtikisiko unafungua njia. Ule udongo uliokuwa umeziba nyufa unatoka, nyufa mpya zinachanika, na maji yaliyokuwa yanasubiri kilimani yakishuka kwa foleni sasa yanashuka kwa kukimbia.

Mfano mzuri uko Marekani, jimbo la California, Agosti 24, 2014. Walikuwa kwenye ukame mbaya sana, vijito vimekauka, halafu alfajiri tetemeko la 6.0 likapiga sehemu za Napa, na vijito vilivyokuwa vikavu vikaanza kutiririka bila tone la mvua! Wakulima wakafurahi. Wanasayansi wakapima yale maji wakakuta hayakutoka kina kirefu huko chini kama watu walivyodhani, ni maji ya mvua yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye vilima vya jirani. Kwa hiyo tetemeko halikuumba maji mapya, lilichota kwenye akiba. Hebu lishike hilo maana kwenye swali linalofuata ndilo linauma.

Ila mama, au baba sijui maana hukuandika, nikuulize na mimi: kuanzia Septemba mpaka Desemba huko Kagera si ndio mvua za vuli? Sasa yale maji mengi ya mpaka Krismasi tetemeko lilileta kiasi gani na mvua ilileta kiasi gani? Kama kuna mtu alikuwa anapima ndoo moja inajaa kwa sekunde ngapi kabla ya tetemeko na baada, tungejua leo hii. Bila hivyo nakubali kwamba tope ni la tetemeko, wingi nusu nakubali nusu nausingizia mvua.

SWALI: Sasa fundi, mimi ni msomaji wenu kutoka Nakuru. Nimenunua ploti kule Subukia kwa kilima, naplan kuchimba boho, yaani kisima kirefu. Mzee mmoja wa hapo ameniambia hii area ilipigwa na tetemeko kubwa enzi za mkoloni na linaweza rudi likaushe boho yote. Huyo mzee ananitisha ndio niuze ploti ama?

JIBU: Mzee yuko sawa kwa historia. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia ilipigwa na tetemeko la karibu 6.9, ndilo kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Kenya, na ardhi ilichanika ufa mrefu unaoonekana. Kama anataka kununua hiyo ploti kwako kwa bei ya chini basi hapo sasa sijui.

Kuhusu kukausha boho, inategemea umesimama wapi. Kumbuka nilichosema juu, vijito vya chini vikipata maji ya ghafla kuna mtu mahali fulani anayatoa. Turudi California, tarehe 17 Oktoba 1989, tetemeko la 6.9 linaloitwa Loma Prieta. Mito kwenye milima ya Santa Cruz iliongezeka ndani ya dakika chache tu, watu wa mabondeni wakashangilia, lakini kule juu kwenye migongo ya vilima maji ya chini ya ardhi yakaanza kushuka na yakashuka wiki hata miezi, kuna mahali yalishuka mita 21. Mtu mwenye kisima cha mita 60 maji yakiwa mita 45 amebaki na mdomo wazi, pampu inavuta upepo. Wewe umesema kwa kilima, si ndio? Basi wewe ndiye wa kupoteza, jirani yako wa bondeni ndiye wa kupata, ndivyo ilivyo.

Kitu cha pili ni bomba lenyewe. Kisima kirefu sio shimo tupu, kina kesingi ndani, hizo bomba za PVC au za chuma. Ardhi ikisogea upande hata kidogo bomba linapinda, na pampu iliyoko ndani inakwama, huitoi wala huishushi. Au jointi inaachia na maji machafu ya juu yanajiingilia. Kisima kimekauka, mwenye nyumba anasema maji yamehama, kumbe maji yapo palepale mita tano pembeni ni bomba limekatika! Ndiyo maana nawaambia msimwite mganga kabla ya kumwita mtu mwenye kamera ya kushusha kisimani.

Na cha tatu, ufa wa tetemeko wenyewe una tabia mbili. Ukisagika vizuri katikati unakuwa kama ukuta wa udongo, maji ya upande mmoja hayavuki kwenda upande wa pili, utakuta mtu amechimba mita 80 kapata maji na mwenzake aliye umbali wa mita 200, upande wa pili wa ufa, kachimba 150 kavu. Lakini pembeni ya huo ukuta mwamba umevunjika vipandevipande na hapo ndipo maji yanapenda kukaa na kupita. Watafutaji maji wengi wa Bonde la Ufa wanatafuta hizo sehemu makusudi. Kwa hiyo usiuze ploti. Mwambie mtu wa sovei akuonyeshe ufa uko wapi, chimba pembeni sio juu yake, na ongeza mita kadhaa chini ya pale maji yalipopatikana ili yakishuka pampu ibaki imezama.

Tena usidhani yakishuka ndio basi. Mji wa Kumamoto kule Japani una watu zaidi ya laki saba na maji yao yote ya kunywa yanatoka chini ya ardhi. Aprili 2016 wakapigwa na tetemeko la 7.0, visima vikawa na tope, na bwawa moja maarufu la bustani ya Suizenji, ambalo ni maji ya chemchemi tupu, likakauka watu wakawa wanatembea ndani yake wakiokoa samaki. Baadaye maji yakarudi. Kwa kiasi kikubwa nyufa mpya zilikuwa zimeyanywa, na kisha milima ikaanza kuachia ya kwake. Lakini Nepal baada ya lile tetemeko la 7.8 la Aprili 25, 2015 kuna vijiji vya milimani chemchemi zilikauka watu wakabaki wanatembea mbali zaidi kutafuta nyingine. Ardhi ni ileile, bahati tofauti.

SWALI: Mambo vipi fundi. Niko kidato cha sita Tanga. Kuna jamaa darasani anabisha kwamba tetemeko la Alaska lilitikisa maji ya kisima huko Florida. Mimi nimemwambia muongo. Tumewekeana soda.

JIBU: Kanunue soda mdogo wangu, umeliwa. Tarehe 27 Machi 1964 Alaska ilitetemeka kwa ukubwa wa 9.2 na visima zaidi ya 700 sehemu mbalimbali za Marekani vilionyesha kitu. Kisima kimoja mji wa Perry, Florida, zaidi ya kilomita 5,000 kutoka kule, maji yalipanda na kushuka kwa mita 5 na ushee. Kingine kule South Dakota kilifika mita 7.

Sababu ni hii. Mawimbi ya tetemeko kubwa yanazunguka dunia, na yakipita chini ya miguu yako wewe husikii kitu maana ni marefu na yanatikisa polepole, lakini tabaka la mwamba lenye maji linabonyezwa kidogo na kuachiwa, linabonyezwa na kuachiwa. Tabaka hilo linaweza kuwa na upana wa kilomita nyingi na kisima ni katundu ka inchi sita. Chukua chupa laini ya tomato sosi iliyojaa uibonyeze taratibu, chupa yenyewe hata huoni kama imebonyea ila kule mdomoni sosi inaruka. Kisima ndio mdomo.

Na kuna sehemu Nevada, jangwani kabisa, inaitwa Devils Hole, ni shimo kwenye mwamba limejaa maji ya chini ya ardhi na ndani yake kuna visamaki ambavyo havipatikani mahali pengine popote duniani. Septemba 19, 2022 Mexico ikatetemeka kwa 7.6, mbali kama kilomita 2,400, na dakika 22 baadaye lile shimo likaanza kupiga mawimbi ya mita 1.2, maji yanagonga kuta, mwani ambao samaki wanaula ukafagiwa kwenye jiwe. Samaki wa jangwani anatikiswa na tetemeko la nchi nyingine! Mwambie jamaa yako hilo nalo, soda ya pili inywe wewe.

SWALI: Jambo fundi. Niko Goma. Kisha volkano ya mwezi wa tano 2021 inchi ilitetemeka masiku mingi sana, tulikimbia, tukarudi. Shemeji yangu upande wa Sake iko na shimo la maji nyuma ya nyumba, tangu wakati ule maji inanuka kama mayai ya kuoza na anasema iko ya vuguvugu kidogo. Kama tunachemsha tunaweza kunywa?

JIBU: Pole sana kwa yote mliyopitia. Jibu fupi, asinywe mpaka maji yapimwe, na kuchemsha hakutoshi. Sasa niseme kwa nini.

Harufu ya mayai viza ni gesi ya salfa. Inaweza kuwa inatoka chini, ardhi ya volkano ikitikiswa nyufa zinafunguka na maji ya moto yenye gesi yanapata njia ya kuchanganyika na maji ya juu, na huo uvuguvugu unanifanya niegemee huko. Au inatoka kwa kitu kinachooza, choo cha jirani kimepata ufa kinavujia shimoni. Zote mbili mbaya, kila moja kwa ubaya wake. Ukichemsha unaua vijidudu, sawa, na harufu nayo inaondoka kwa hiyo utajiona umeshinda, lakini madini kama floridi hayaondoki kwa moto, tena maji yakipungua kwenye sufuria yanabaki makali zaidi. Na nchi zetu hizi za Bonde la Ufa floridi ni tatizo hata bila tetemeko, angalia meno ya watoto.

Halafu hili nisilifiche. Huko kwenu mna neno mazuku, hewa mbaya inayokaa mabondeni na mashimoni. Ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina harufu wala rangi, na inaua. Shimo la maji ndiyo nyumba yake. Mtu yeyote asishuke kusafisha hilo shimo, hata kama ni fundi, hata kama ni kuokoa ndoo, hata kama alishawahi kushuka mwaka juzi akatoka mzima. Na akianguka mmoja wa pili asimfuate kwa kamba ya mkononi, hivyo ndivyo wanavyokufa watatu kwa mpigo.

Wengine ambao hamko kwenye volkano lakini mmepata tope baada ya tetemeko: zimeni pampu kwanza, mchanga unakula vipanga vyake. Subirini siku mbili tatu, vuteni taratibu mpaka maji yawe meupe, mkayamwage mbali na kisima. Ndipo mtie klorini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Msitie klorini kwenye maji ya tope, tope linaimaliza nguvu na mtakunywa vijidudu vyenye harufu ya dawa. Na choo kipimeni upya, mita 30 kutoka kisimani ndio zile zinazoshauriwa siku zote, ila ardhi ikishapata nyufa hata hizo 30 msizitegemee kwa macho, pelekeni sampuli maabara.

SWALI: Habari mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa jiografia Mbeya. Nawafundisha wanafunzi tetemeko la Rukwa la 1910 na wananiuliza kama visima vingeweza kutoa onyo. Nimeona kwenye intaneti Wachina waliwahi kuokoa mji kwa kuangalia visima. Niwaambieje?

JIBU: Salama mwalimu, na asante kwa kuwafundisha la Rukwa, 7.4, Desemba 13, 1910, kubwa kuliko yote kwenye kumbukumbu za Afrika Mashariki na nusu ya Watanzania hawajawahi kulisikia.

Waambie habari ya Haicheng, huo mji wa Wachina uliousoma, yote, sio nusu. Tarehe 4 Februari 1975 likapiga tetemeko la 7.3 na watu wengi walikuwa wameshatolewa majumbani. Ndio, visima vilikuwa vimebadilika, na wanyama walikuwa wana vituko, lakini kilichowashtua hasa ni matetemeko madogomadogo mengi yaliyotangulia. Halafu mwaka uliofuata, Julai 28, 1976, Tangshan, nchi ileile, watu walewale wa kupima, hakuna onyo lililotoka. Walikufa zaidi ya 240,000. Ukisimulia Haicheng bila Tangshan umewadanganya watoto.

Lakini usiwaambie pia kwamba hakuna kitu. Kobe, Japani, kabla ya tetemeko la Januari 17, 1995, gesi ya radoni kwenye maji ya kisima ilikuwa imepanda siku kadhaa kabla. Iceland, kaskazini, walichota maji ya kisima kimoja kila wiki kwa miaka mitano, kila wiki mwalimu, baridi ile, na wakaona madini yamebadilika miezi minne hadi sita kabla ya matetemeko mawili ya zaidi ya 5, moja la 2012 na jingine la 2013. Inaeleweka, mwamba unaokaribia kukatika unaanza kuchanika vidogovidogo na maji yanagusa mawe mapya. Shida ni kwamba kisima kinabadilika pia kwa mvua, kwa jirani kuvuta pampu, kwa presha ya hewa, na hao wa Kobe na Iceland waligundua baada ya tetemeko kupita walipoangalia data nyuma. Mtu akikuambia leo kisima chake kinatabiri, muulize mara ngapi kilibadilika na tetemeko halikuja. Hapo ndipo wananyamaza.

SWALI: Fundi, huku kwetu Muleba watu wanasema tetemeko la 2016 lililetwa na visima virefu vingi vinavyochimbwa siku hizi. Kuna ukweli?

JIBU: La 2016 lilianzia kina cha kilomita 40 hivi. Kisima kirefu cha kijiji ni mita 100, kikizidi sana 200. Ni sawa na kulaumu kucha kwa kuvunja mfupa. Kagera iko kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ardhi inavutwa pande mbili, hiyo inatosha.

Ila sitaki kusema binadamu hawezi kabisa, maana anaweza. Denver, Marekani, kuanzia 1962 jeshi lilikuwa linasukuma maji taka ya kemikali kwenye kisima cha kina cha zaidi ya kilomita 3.6, mji ukaanza kutetemeka, wakaacha 1966. Oklahoma nayo kwa miaka mingi wanarudisha chini maji ya chumvi ya visima vya mafuta, na wiki moja tu kabla ya lenu, Septemba 3, 2016, wakapata la 5.8. Maji yakisukumwa kwa presha yanaingia kwenye ufa uliobanana na kuupunguzia msuguano, kama mafuta kwenye bawaba. Bwawa la Kariba pale Zambia na Zimbabwe lilipojazwa nalo likaleta mitetemo, kubwa zaidi ikiwa ile ya 1963. Na Lorca, Hispania, Mei 2011, kinyume chake, walivuta maji ya kumwagilia miaka 50 mpaka yakashuka mita 250, ardhi ikapungua uzito juu ya ufa, likaja la 5.1 la kina kifupi sana likaua watu tisa. Sasa pima hizo mita 250 za bonde zima na pampu yenu ya mkono ya kijiji. Endeleeni kuchota.

SWALI: Mzee, niko Kondoa, huku vitetemeko vidogo hatuvikosi. Kisima changu cha ringi kina mita 18, maji huwa yapo mita 11. Nataka nianze kupima kama unavyosemaga. Nipime lini, na kwa nini, na niandike wapi?

JIBU: Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja. Chukua kamba isiyovutika, sio ya nailoni, funga chuma kizito mwisho, mita mbili za chini zipake chaki. Weka alama ya rangi kwenye mdomo wa kisima na upimie hapohapo kila unapopima, sio leo hapa kesho pale. Pima asubuhi kabla ndoo ya kwanza haijashuka maana usiku kucha maji yamerudi mahali pake. Shusha mpaka chuma kizame, vuta, angalia chaki imelowa kuanzia wapi, toa hesabu. Mara moja kwa wiki inatosha, na tetemeko likipita pima kila siku wiki mbili na uchote chupa moja ya kioo uiweke dirishani uone tope linatulia kwa muda gani. Andika na mvua, kama ilinyesha au haikunyesha, usije ukanifanyia kama yule wa Bukoba.

Uandike kwenye daftari la shule la kawaida, ila kwa penseli. Wino wa peni ukilowa unaweza kusambaa, na hapo kisimani daftari litalowa tu.